Jaribio moja la pampu, majibu matatu ya T: nimekwama na kisima cha bondeni

#1 KisimaKirefu

Wakuu habari za wakati huu.

Nina kisima katikati ya bonde la milimani. Nimekisukuma saa 72 mfululizo bila pampu kuzimika hata mara moja, na data imetoka safi. Kinachonisumbua ni majibu. Jaribio ni lile lile, lakini nimepata T tatu (T ni uwezo wa tabaka zima kupitisha maji), na kila moja ukiitazama peke yake unaiamini.

Mazingira yako hivi. Bonde lina upana wa karibu kilomita moja, limebanwa na mwamba mgumu kushoto na kulia. Juu kuna mchanga wa mto, chini yake mita 12 za mfinyanzi laini wa kijivu (inaonekana zamani palikuwa ziwa), kisha mita 30 za changarawe iliyochanganyika na mchanga, halafu mwamba. Maji tunayavuta kwenye hiyo changarawe. Pampu inatoa lita 25 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 2,160 kwa siku, na nililinda vali muda wote isitikisike. Kisima cha uangalizi kiko mita 40 kutoka kwenye pampu, kina loga (kifaa cha kupima kiwango cha maji) inayorekodi kila sekunde 10.

Nimechora mshuko wa maji dhidi ya logi ya muda, njia ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946: T = 0.183 × Q ÷ Δs. Q ni maji ya pampu kwa siku. Δs ni kiasi maji yanavyozidi kushuka kila muda ukizidi mara kumi. Nilitegemea mstari mmoja ulionyooka. Nikapata kitu kinachopinda kama goti, kikatulia kidogo, kikapinda tena.

Dakika ya 8 hadi ya 40: Δs ni mita 0.33, T inakuja mita za mraba 1,200 kwa siku.
Saa ya 3 hadi ya 7: Δs ni 0.66, T inakuja 600.
Saa ya 24 hadi ya 72: Δs ni 1.9, T inakuja kama 208.

Ripoti inataka namba moja. Niandike ipi?

#2 Tonetone

Naweka kambi hapa. Hili limewahi kunitoa jasho.

#3 ChangaraweMbichi

Mkuu usijitese. Chukua wastani wa hizo tatu, itakuja kama 670, andika, songa mbele. Ardhi haina namba kamili.

#4 MzeeMshuko

Mkuu ChangaraweMbichi, hapo hapana. Wastani unafaa pale vipimo vingi vinapopima kitu kimoja. Hizi tatu hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza inapima changarawe. Ya pili inapima changarawe pamoja na ukuta mmoja wa bonde. Ya tatu inapima umbo la bonde zima. Ukizijumlisha na kugawa kwa tatu ni sawa na kujumlisha urefu wa mtu, kivuli chake cha asubuhi na kivuli chake cha saa kumi jioni.

KisimaKirefu, angalia kwa makini hizo Δs zako: 0.33, kisha 0.66. Mara mbili kamili. Hiyo haijaja kwa bahati.

Hesabu ya Theis ya mwaka 1935, ambayo Cooper na Jacob waliifupisha, inadhani tabaka la maji halina mwisho upande wowote. Theis aliitoa kwenye hesabu za joto linavyosambaa kwenye kitu kigumu. Maji kuelekea kisimani yanafuata sheria ya namna hiyo hiyo. Kwenye tambarare pana unaweza kusukuma wiki nzima na dhana hiyo isikusaliti. Bondeni inakusaliti kabla ya chakula cha mchana, maana wimbi la mshuko likigonga mwamba halina pa kwenda.

Namna ya kuliwazia: ukuta usiopitisha maji unafanya kazi kama kioo. Ng'ambo ya ukuta, umbali ule ule, chora kisima kivuli kinachovuta lita 25 hizo hizo. Ukijumlisha mshuko wa kisima halisi na wa kivuli, unapata kile loga yako ilichorekodi. Visima viwili, mwinamo mara mbili. Ndiyo goti lako la kwanza.

Sasa naomba vitu viwili. Mstari wa kwanza ukiurefusha nyuma hadi mshuko uwe sifuri, unakata muda gani? Na mstari wa kwanza na wa pili vinakutana dakika ya ngapi?

#5 KisimaKirefu

Mzee asante sana. Mstari wa kwanza unakata sifuri kwenye sekunde 41. Miwili inakutana karibu dakika ya 105.

#6 MzeeMshuko

Vizuri. Hiyo 41 inakupa kwanza hifadhi ya tabaka, S, yaani maji ambayo tabaka linaachia kiwango kikishuka. S = 2.25 × T × t₀ ÷ r². Geuza sekunde 41 ziwe siku (0.000475), r ni mita 40: unapata 0.0008. Hiyo ni S ya tabaka lililobanwa chini ya mfuniko, inakubaliana na mfinyanzi wako. Ungepata 0.15 au 0.2 ningekuambia mfinyanzi umetoboka mahali.

Halafu umbali wa kivuli. Muda unakua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo: gawanya 105 × 60 kwa 41, upate kama 154, kipeuo chake cha pili ni 12.4, zidisha na mita 40. Kisima kivuli kiko mita 496 kutoka kisima cha uangalizi, na ukuta uko kama nusu ya hapo, mita 250.

Nenda kaangalie ramani yako, mwamba unaanza kuonekana umbali gani kutoka kisimani upande ulio karibu?

#7 KisimaKirefu

Mita 300 hivi. Upande wa pili mita 700.

Duh. Mimi sikukuambia kisima hakiko katikati kabisa, umekipata kwenye namba.

#8 Tonetone

250 na 300 hazifanani lakini. Hiyo 50 imeenda wapi?

#9 MzeeMshuko

Swali zuri. Imeenda kwenye ukuta wa pili. Kati ya saa ya 3 na ya 7 ukuta wa mita 700 nao ulishaanza kuongeza mshuko kidogo kidogo. Mstari wa pili wa mkuu si mstari kweli, ni kipande cha mkunjo ambacho rula imekilazimisha kunyooka. Ukiulazimisha, makutano yanasogea mapema na ukuta unaonekana karibu kuliko ulipo. Kosa la sehemu moja ya sita, kwa rula na grafu, mimi nalikubali.

Tena si lazima ukuta uliouona juu uwe wima hadi chini. Mabonde yaliyochongwa na barafu mara nyingi yana umbo la U, yale ya mito yanakaribia V. Changarawe ya chini kabisa inaweza kuwa nyembamba sana kuliko upana unaoutembea juu.

#10 BondeLaUfa

Mimi nina shaka na mto. Umesema juu kuna mchanga wa mto, maana yake mto upo. Mto ni chanzo cha maji, ulipaswa kutuliza mshuko. Kwenye kazi zangu nyingi grafu inalala kabisa baada ya saa kadhaa, mto ukishaanza kulisha kisima.

#11 MzeeMshuko

Ungekuwa sahihi kama kisima kingekuwa kwenye mchanga wa juu. Hapo mto nao ni kioo, ila kivuli chake kinaingiza maji badala ya kuyavuta, na mshuko unatulia. Kwake kuna mita 12 za mfinyanzi katikati. Mto uko mita chache juu ya changarawe lakini kwa maji uko mbali.

Halafu nikuonye na kitu kingine, kwa sababu kimewahi kuniaibisha mbele ya watu. Niliona maji kisimani yakipanda kila mto ulipofurika, nikaandika kwa kujiamini kwamba mto unalisha tabaka la chini. Mwenzangu mmoja akaniuliza: yanapanda baada ya muda gani? Nikaangalia. Yalipanda papo hapo. Hakuna kuchelewa kabisa. Maji yanayopenya kwenye mfinyanzi hayawezi kufika kwa dakika moja. Ule ulikuwa uzito wa mafuriko ukikandamiza mfinyanzi, nao ukakandamiza changarawe, shinikizo likapanda bila tone kuvuka. Niliifuta ile aya. Hewa nayo inafanya mchezo huo: kwenye tabaka lililobanwa, shinikizo la hewa likipanda maji kisimani yanashuka. Mshuko wa sentimita mbili tatu kwenye kisima cha mbali unaweza kuwa hewa tupu, kwa hiyo loga ya hewa iwepo.

#12 Mchekechaji

Naingia na upande wa mchanga wenyewe. Una sampuli za uchimbaji? Ungechekecha ukapata d10, yaani ukubwa wa chembe ambao asilimia 10 ya uzito ni ndogo kuliko huo. Hazen alitupa njia rahisi: K, yaani wepesi wa mchanga kupitisha maji, kwa sentimita kwa sekunde ni karibu 100 × d10 mraba, d10 ikiwa kwa sentimita.

#13 KisimaKirefu

Nimechekecha mkuu. d10 ni milimita 0.3. Kwa Hazen inakuja 0.09, ambayo ni kama mita 78 kwa siku. Lakini nikichukua T ya 1,200 nikagawa kwa mita 30, K ni mita 40 kwa siku. Karibu nusu. Hapo pia nilichanganyikiwa.

#14 Mchekechaji

Usichanganyikiwe. Kilichofika kwenye mfuko wako hakikuwa tabaka, kilikuwa masalio yake. Maji ya kuchimbia yanapanda na chembe laini zinaondoka nayo, unabaki na changarawe iliyooshwa kama ya kujengea. d10 inavimba, na kwa kuwa inapigwa mraba K inavimba zaidi. Halafu Hazen alikuwa anashughulika na mchanga wa kuchujia maji, mchanga uliolingana chembe. Mashapo ya milimani yana kila kitu, kuanzia vumbi hadi jiwe la ukubwa wa kichwa.

Cha tatu ni kwamba mfuko unaua matabaka. Ardhini kuna utando wa tope wa sentimita mbili, halafu changarawe, halafu utando tena. Maji yakienda kwa mlalo yanachagua njia ya changarawe. Yakishuka wima lazima yavuke kila utando. Ndiyo maana K ya mlalo kwenye mashapo kama haya huwa ni mara kumi ya ile ya wima, na mara nyingine inapita hapo sana. Ukimimina yote kwenye beseni, umepoteza hiyo habari milele.

Mimi namba za chekecheo nazitumia kulinganisha kisima na kisima. Kwenye hesabu ya mwisho siziweki.

#15 Tonetone

Na lile jaribio la kumwaga ndoo kisimani na kupima maji yanavyorudi? Ni rahisi, halihitaji pampu wala jenereta.

#16 Mchekechaji

Hizo ni njia za Bouwer na Rice, 1976, au ya Hvorslev kabla yao. Yanafaa, ila yanapima mita moja au mbili kuzunguka kisima, ambako ndiko tope la uchimbaji limejibandika. Ukiwa na kisima ambacho hakikusafishwa vizuri utapima tope lako mwenyewe. Na kwenye changarawe nzuri maji yanarudi kwa sekunde chache. Niliwahi kujaribu kwa tepu, nilipoiteremsha mara ya kwanza kazi ilikuwa imeshaisha. Hapo bila loga inayorekodi kila nusu sekunde, kaa nyumbani.

#17 ChangaraweMbichi

Nimenyamaza nasoma. Lakini sasa kama T halisi ni 1,200, si ndiyo habari njema? Kisima kina nguvu. Andika 1,200 watu wafurahi.

#18 MzeeMshuko

1,200 ndiyo T ya changarawe, hapo umeshika. Hatari iko kwenye kinachofuata: mtu ataichukua hiyo 1,200, ataiweka kwenye fomula ya tabaka lisilo na mwisho, na kutabiri maji yatashuka kiasi gani baada ya siku 100 za kiangazi.

Tufanye hesabu pamoja, tuanzie siku ya 3. Ukifuata mstari wa 0.33, kutoka siku ya 3 hadi ya 100 maji yanazidi kushuka nusu mita. Unapanda kitandani unalala. Ukifuata mstari wa mwisho wa 1.9, mita 2.9. Bado unalala, kwa wasiwasi kidogo.

Sasa tazama data yenyewe. KisimaKirefu, kati ya saa ya 24 na ya 72 maji yalishuka kiasi gani, mita halisi?

#19 KisimaKirefu

Mita 0.91.

#20 MzeeMshuko

Achana na logi. Chora saa hizo dhidi ya kipeuo cha pili (mzizi) cha muda. Kipeuo cha siku 1 ni 1, cha siku 3 ni 1.732. Gawanya 0.91 kwa 0.732, unapata 1.24 kwa kila kizio cha mzizi wa siku. Nina hakika mstari wako utanyooka kama uzi wa fundi.

Sababu yake: kuta zote mbili zikishaguswa, maji hayawezi tena kukifuata kisima kutoka kila upande kama miale ya gurudumu. Yanakuja kutoka juu ya bonde na chini ya bonde tu, kama ndani ya bomba bapa. Kwa mtiririko wa aina hiyo mshuko unaenda na mzizi wa muda:

mshuko ≈ Q × √t ÷ (W × √(π × T × S))

W ni upana wa tabaka. Weka T ya 1,200 na S ya 0.0008, √(πTS) ni 1.737. Gawanya 2,160 kwa 1.24 na kwa 1.737. W ni mita 1,003.

#21 KisimaKirefu

Nimechora. Umenyooka. Na upana ni kilomita moja kwenye ramani. Mzee nimesimama kutoka kwenye kiti.

#22 MzeeMshuko

Kaa, bado. Kwa mstari huo, siku ya 100 ni mzizi 10. Kutoa 1.732, zidisha na 1.24. Mita 10 na kidogo, juu ya kile kilichokwisha kushuka siku ya 3.

Nusu mita, mita 2.9, mita 10. Kisima kimoja, data moja. Pampu yako iko kina gani?

#23 KisimaKirefu

...nitaiteremsha.

#24 BondeLaUfa

Hiyo mita 10 mimi naipinga. Mwendo wa athari unategemea T ukiigawa kwa S, hapa ni mita za mraba milioni 1.5 kwa siku. Kwa siku 3 tu athari imetembea zaidi ya kilomita 4 juu na chini ya bonde. Kwa siku 100 ingekuwa zaidi ya 20. Hakuna bonde la milimani linalobaki na upana ule ule na changarawe ile ile kilomita 20. Litabanwa, litapanuka, litaungana na bonde jingine, mfinyanzi utaisha mahali.

#25 MzeeMshuko

Nakubali bila ubishi. Ndiyo maana sisemi itakuwa mita 10. Nasema hakuna ruhusa ya kuandika nusu mita. Kati ya hapo na 10 ni jiolojia ya bonde itakayoamua, na fomula ya kitabuni haiijui.

Mfinyanzi nao si saruji. Ukiwa na K ya wima ya 10⁻⁹ mita kwa sekunde, kwa tofauti ya kiwango cha mita 2 na eneo la kilomita za mraba 5, unavujisha mita za ujazo 72 kwa siku. Hiyo ni tone kwenye ndoo ya 2,160. Ikiwa 10⁻⁸, unapata 720, theluthi ya pampu, na mstari wako wa mzizi utaanza kulala. Kati ya mfinyanzi wa namna ya kwanza na wa pili, kwa macho hutaona tofauti yoyote mkononi.

#26 BintiKorongo

Hodi jamani. Nimesoma uzi wote, nampa heshima mzee. Mimi kazi yangu ni modeli za kompyuta za maji ya ardhini, nina la kuongeza upande ambao pampu haifiki.

Kuna watu hawana pampu wala saa 72. Wana viwango vya maji vya visima kumi na programu. Wanacheza na K hadi modeli ifanane na visima, kisha wanatangaza K. Nilikuwa mmoja wao. Siku moja nikiwa na modeli iliyolingana vizuri sana, nikazidisha K zote mara mbili na maji yanayoingia kutoka milimani mara mbili. Nikabonyeza. Viwango havikusogea hata sentimita. Nikazidisha mara tano vyote viwili. Bado.

Kwa hali tulivu, yaani viwango visipobadilika na muda, viwango vya maji vinakuambia uwiano wa maji yanayoingia kwa K. Havikuambii K. Na milimani maji yanayoingia ndiyo usiyoyajua kabisa: sehemu inatoka kwenye vijito vinavyonywewa na changarawe pale vinapotoka korongoni, sehemu inapita ndani ya nyufa za mlima wenyewe na kuingia bondeni kwa chini, huioni popote. Kwa hiyo ukikisia maji yanayoingia umeshakisia na K, hata kama programu imekuandikia kwa desimali nne.

Dawa yake ni kupima mtiririko mmoja halisi, hata mmoja tu.

#27 KisimaKirefu

Dada, mtiririko gani naweza kupima mimi mwenye kisima kimoja?

#28 BintiKorongo

Una T, una upana. Una mteremko wa maji kando ya bonde?

#29 KisimaKirefu

Kuna visima viwili vya zamani kwenye changarawe hiyo hiyo, juu na chini. Maji yanashuka mita 4 kwa kila kilomita.

#30 BintiKorongo

Basi ni kanuni ya Darcy wa Dijon, 1856, ya mtiririko wa maji kwenye mchanga. T mara mteremko mara upana: 1,200 × 0.004 × 1,000. Mita za ujazo 4,800 kwa siku, kama lita 56 kwa sekunde, zinapita chini ya miguu yako. Pampu yako ya lita 25 inachukua karibu nusu ya hizo. Hiyo weka kwenye ripoti kabla hata ya T, maana msomaji ataielewa.

Na unaweza kuihakiki. Tafuta chini ya bonde mahali milima inapokaribiana na mwamba unapanda karibu na juu. Hapo changarawe haina nafasi, maji yanalazimika kutokea mtoni. Pima mto kabla ya hapo na baada ya hapo. Ukiongezeka kwa lita 50 hivi, T yako imesimama kwa miguu miwili. Ukiongezeka kwa 5, kuna mtu amekosea, na inaweza kuwa ni mteremko.

Ila pima kiangazi. Hili watu wanalikosea kila siku. Kupima mto kwa kifaa cha kawaida kuna kosa la asilimia 5 hata ukiwa makini. Mto ukiwa na lita 2,000 kwa sekunde, kosa lako ni lita 100, unatafuta 50 ndani yake, hutaipata. Mto ukiwa na lita 300, kosa ni 15. Hapo unaona. Mto wenye mawe mengi na maji yanayorukaruka usitumie propela, mwaga chumvi na upime upitishaji umeme chini yake; mchafuko huo huo unaokusumbua ndio unaochanganya chumvi vizuri. Na hakikisha hakuna mfereji wa umwagiliaji unaochepusha maji katikati ya vituo vyako. Mimi nilishawahi kutafuta lita 40 zilizopotea siku mbili nzima, nikazikuta shambani kwa mtu.

#31 Tonetone

😂😂 lita 40 shambani

Dada, swali la mwisho kwangu: hayo maji yanakwenda kasi gani? Kuna mtu ana choo juu ya bonde.

#32 BintiKorongo

K mara mteremko, gawanya kwa nafasi zilizo wazi kati ya kokoto. 40 × 0.004 ÷ 0.25 ni sentimita 64 kwa siku, kwa wastani. Wastani huo usimtulize mwenye choo. Bonde limejaa mikondo ya mto ya zamani iliyofukiwa, mikanda ya kokoto tupu, na ndani yake maji yanaenda kasi mara nyingi zaidi. T ya jaribio la pampu haiuoni mkanda wa mita tatu, inaumeza ndani ya jumla. Kwa swali la uchafu unahitaji rangi au chumvi ya kufuatilia, siyo T.

#33 MzeeMshuko

Hapo dada amemaliza. Mkuu KisimaKirefu, ulipozima pampu uliendelea kurekodi?

#34 KisimaKirefu

Ndiyo, siku tatu.

#35 MzeeMshuko

Safi, wengi wanang'oa loga saa ile ile na kwenda zao. Chora mshuko uliobaki dhidi ya t/t′ (muda tangu kuwasha, gawanya kwa muda tangu kuzima). Kwenye tabaka lisilo na mwisho, mstari unarudi sifuri pale t/t′ inapokuwa 1. Kwako naamini maji bado yatakuwa yamebaki chini unapofika hapo, kwa sababu ulichota kwenye chombo chenye kuta na hakijajaa tena. Na dakika za mwanzo za kurudi zitakupa T ya changarawe upya, bila kelele za pampu.

#36 KisimaKirefu

Umepatia. Dakika za mwanzo zimenipa T ya 1,170. Na mstari wa mwisho ukiurefusha hadi t/t′ = 1, mshuko haujarudi sifuri.

Ripoti nimeandika hivi: T ya changarawe 1,200, S 0.0008, kuta mbili, upana wenye maji karibu kilomita moja, tabaka halipaswi kuhesabiwa kama lisilo na mwisho. Namba moja wameikosa.

#37 KisimaKirefu (wiki kadhaa baadaye)

Wakuu narudi na mrejesho. Kiangazi kimeshika, pampu imefanya kazi siku 16 mfululizo kwa lita zile zile 25. Nimeangalia maji yalivyoshuka kutoka siku ya 3 hadi ya 16. Mstari wa 0.33 ulitabiri mita 0.24. Wa 1.9 ulitabiri 1.4. Mzizi wa muda ulitabiri 2.8.

Loga inasema 2.5.

#38 BondeLaUfa

Hiyo 0.3 iliyopungua ni mfinyanzi unavuja, au bonde limepanuka huko juu. Mstari wa mzizi umeanza kulala siku ya ngapi?

#39 KisimaKirefu

Hadi siku ya 9 umenyooka kabisa. Kuanzia hapo unalala taratibu. Kwenye ramani, kilomita 7 juu ya kisima, kuna bonde dogo linaingia kutoka upande wa kulia. Siku 9 athari ilikuwa imetembea kilomita 7 na nusu hivi.

#40 MzeeMshuko

Kabla hujaliamini hilo bonde dogo, teremsha tepu kwenye kisima chochote kifupi kilichoko kwenye mchanga wa juu karibu na pampu. Kama maji ya juu nayo yameanza kushuka, ni mfinyanzi.

#41 KisimaKirefu

Kipo kimoja. Naenda kesho asubuhi.